Misuli ya samaki inavyoumbika ndani ya yai

Ndugu zangu, wanafunzi, walimu, na wote mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kufika.

Mchukue samaki yeyote, umwondoe ngozi ubavuni. Karibu chote unachokiona ni msuli. Kwa samaki wengi misuli inakaribia nusu ya uzito wa mwili, na wapo wanaopita hapo. Misuli hiyo haikurundikwa ovyo. Imepangwa vipande vipande kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, kila kipande kimekunjika, na kati ya kipande na kipande pana utando mwembamba. Chini tu ya ngozi, katikati ya ubavu, unapita ukanda wa nyama nyekundu. Ukiingia ndani zaidi nyama ni nyeupe. Ile nyekundu ni misuli ya taratibu, ambayo humwezesha samaki kuogelea saa nyingi bila kuchoka. Ile nyeupe ni misuli ya kasi: hufyatuka samaki anapomkwepa adui au anaporukia windo, kisha huchoka upesi.

Swali langu leo ni moja. Seli ya kiinitete, ambayo saa chache zilizopita ilikuwa haina sura wala kazi maalumu, inajuaje kwamba itakuwa uzi wa msuli, tena wa taratibu na siyo wa kasi? Jibu nitakalolitetea mbele yenu ni kwamba seli huambiwa na majirani zake. Mahali iliposimama, na wakati iliposimama hapo, ndivyo vinavyoamua. Na ikishaambiwa, inahama. Hilo la kuhama ndilo lililonifunga kwenye somo hili, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa nalo muda mrefu kuliko mengine.

Mengi nitakayoyasema tumeyajua kupitia samaki mmoja mdogo wa Asia Kusini, Danio rerio, ambaye kwa milia yake huitwa samaki pundamilia. Jike hutaga, dume humwaga mbegu, na yai hutungwa majini, nje ya mwili wa mama. Kipenyo chake ni takriban milimita 0.7. Kiinitete chenyewe ni angavu: ukikiweka chini ya hadubini unaziona seli zikigawanyika, zikisogea na kujipanga, bila kupasua chochote na bila kukiua. Katika maji yenye joto la digrii 28.5 za Selsiasi kazi inakwenda mbio. Saa 10 baada ya kutungwa, mhimili wa mwili umekwisha kuonekana. Saa 24, pana kichwa, mkia, moyo unaopiga, na misuli inayojikunja. Kati ya siku ya pili na ya tatu samaki anatoka kwenye ganda.

Aliyemwingiza samaki huyu katika utafiti wa jeni ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Makala yake ya mwaka 1981 ilionyesha namna ya kupata samaki wanaofanana kijeni kabisa, na hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1996 maabara mbili, moja ya Tübingen, Ujerumani, chini ya Christiane Nüsslein-Volhard, na nyingine ya Boston chini ya Wolfgang Driever, zilichapisha kwa pamoja mamia ya aina za samaki wenye hitilafu za jeni. Wengine walikuwa hawana notokodi, ile fimbo laini ya katikati ya mwili wa kiinitete, wengine vipande vya mwili wao vimevurugika, wengine misuli yao haijikunji hata wakiguswa. Karibu kila ninachokieleza leo kina samaki wa namna hiyo nyuma yake: ukiona kinachoharibika jeni fulani ikikosekana, unaanza kuelewa jeni hiyo inafanya nini ikiwepo.

Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tumtazame samaki ilhali tunayetaka kumtibu ni binadamu. Mwaka 2013 jenomu ya samaki pundamilia, yaani jumla ya maandishi yake ya kijeni, ilichapishwa, ikaonekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja ya samaki inayolingana nazo. Jeni zinazowasha kazi ya kuumba msuli ni miongoni mwa hizo. Mojawapo ni MyoD, iliyogunduliwa mwaka 1987 na kundi la Harold Weintraub mjini Seattle. Waliiingiza jeni hiyo katika seli za panya zilizokuwa zikikuzwa maabarani, seli ambazo hazikuwa za msuli, nazo zikageuka kuwa seli za msuli. Katika kiinitete cha samaki pundamilia MyoD huwaka mapema sana, kabla mwili haujaanza kukatika vipande, na huwaka katika seli zilizopakana na mhimili wa katikati. Muikumbuke sehemu hiyo, tutairudia.

Tuanze na vipande. Pande zote mbili za mhimili wa kiinitete kuna tishu iliyolala kama ukanda usio na alama yoyote. Kuanzia saa ya 10 hivi, ukanda huo unaanza kukatika, jozi moja baada ya nyingine, kutoka mbele kwenda nyuma. Kila kipande huitwa somaiti. Katika joto nililotaja, jozi mpya hukatika kila baada ya dakika 30, na ifikapo saa ya 24 jozi 30 au zaidi kidogo zimekwisha kupangana. Misuli yote ya shina la mwili na ya mkia hutoka humo, na hata misuli ya mapezi ya kifuani huanza kama seli zilizotoka katika somaiti za mbele.

Kitu gani kinapima hizo dakika 30? Mwaka 1976 Jonathan Cooke, mwanabiolojia, na Christopher Zeeman, mwanahisabati, walitoa pendekezo. Walisema kila seli ya ukanda ule ina saa ndani yake, inayopanda na kushuka. Na upo mstari unaorudi nyuma polepole kuelekea mkiani. Mstari unapozipitia seli, hali ya saa yao wakati ule ndiyo inayoamua mpaka wa somaiti ukatwe wapi. Kwa miaka 21 pendekezo hilo lilibaki hesabu nzuri isiyo na kielelezo. Mwaka 1997 kundi la Olivier Pourquié likaona, katika kiinitete cha kuku, jeni inayowaka na kuzimika kila baada ya dakika 90. Na dakika 90 ndizo kiinitete cha kuku kinazochukua kutengeneza somaiti moja. Mimi huona hapo ndipo elimu hii ilipopata miguu.

Kwa samaki pundamilia jeni za saa hiyo ni her1 na her7. Jeni inasomwa, protini inatengenezwa, protini inarudi kuizima jeni iliyoizaa. Kisha protini inaoza, na jeni inawaka upya. Kutoka kusomwa hadi kuzimwa kuna ucheleweshaji, na mwaka 2003 Julian Lewis alionyesha kwa hesabu kwamba ucheleweshaji huo peke yake unatosha kuzalisha mapigo. Ule mstari nao ni ishara za kikemia, zikiwemo protini za Fgf na Wnt, zenye wingi mkiani na kupungua kadiri unavyokwenda mbele. Mkia ukirefuka, chanzo cha ishara kinasogea nyuma, na seli zilizoachwa mbele zinapata ruhusa ya kujitenga kuwa somaiti.

Lakini saa ya seli moja moja haiaminiki. Kila moja inapotea kidogo, na mpaka wa somaiti unahitaji seli nyingi zikubaliane. Kinachozipatanisha ni mawasiliano ya seli na seli kupitia protini za Delta na Notch zilizoko kwenye utando wa nje wa seli. Wapo samaki ambao mawasiliano hayo yamekatika. Cha kustaajabisha ni kwamba somaiti zao 7 hadi 9 za kwanza hutoka sawasawa kabisa, na zinazofuata ndizo huvurugika. Mwaka 2000 ilielezwa kwa nini. Ni kama wapiga ngoma walioanza wimbo pamoja kisha wakazibwa masikio: mapigo ya mwanzo yanalingana kwa sababu walianza pamoja, halafu taratibu kila mmoja anashika mwendo wake mpaka mdundo unapotea. Seli za samaki hao zinaendelea kupiga, ila kila moja kivyake.

Nalipenda pia jambo la joto. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, saa inapunguza mwendo na somaiti zinachukua muda mrefu zaidi kukatika. Hata hivyo ukubwa wa somaiti haubadiliki, wala idadi yake. Saa, mstari na urefukaji wa mwili vyote vinapunguza mwendo pamoja kwa uwiano uleule. Na mkitaka kuona jinsi saa hiyo inavyotengeneza miili tofauti, tazameni nyoka: aina moja ya Marekani, nyoka wa mahindi, hupata somaiti zaidi ya 300, wakati panya ana takriban 65. Saa ya nyoka, ikilinganishwa na kasi ya ukuaji wake, inapiga haraka zaidi, hivyo ukanda uleule unakatwa vipande vidogo na vingi.

Sasa tuingie ndani ya somaiti yenyewe.

Katikati kabisa ya kiinitete kuna notokodi, fimbo laini inayoshikilia mwili kabla pingili za uti wa mgongo hazijatokea. Kila upande wake, zikiwa zimeigusa, kuna safu ya seli zinazojitenga na nyingine kwa umbo: ni kubwa, zina pembe kama za mchemraba, na zimepangana vizuri hata kabla somaiti haijakatika. Tuziite seli za kandokando. Katika kila somaiti ziko takriban 20. Hizi ndizo zile ambazo MyoD ilikuwa imewaka mapema. Nje yao, mbali na notokodi, kuna seli nyingi ndogo zilizosongamana.

Mngeniuliza kabla ya kujua lolote, ningedhani zilizo ndani zitakuwa misuli ya ndani, na zilizo nje zitakuwa misuli ya nje. Ni dhana ya busara. Mwaka 1996 Stephen Devoto na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oregon waliijaribu kwa kazi ya subira kubwa: walidunga rangi inayong'aa ndani ya seli moja moja za kandokando, wakazifuatilia. Seli zilizokuwa zimebanana na notokodi zilianza kurefuka, zikajitandaza, zikaondoka katikati, zikapenya katikati ya seli nyingine zote za somaiti, mpaka zikafika chini ya ngozi. Huko zikatulia, zikawa tabaka moja la nyuzi za misuli ya taratibu. Zile ndogo za nje, ambazo zilipitwa njiani, zikabaki ndani na kuwa misuli ya kasi.

Kwa hiyo ule ukanda mwekundu ulio ubavuni, seli zake za kwanza zilizaliwa katikati ya mwili. Tabaka la nje lilitoka ndani, na la ndani likabaki pale lilipopitwa. Ukimtazama samaki mzima tu, hata ukimkata vizuri namna gani, huwezi kulijua hilo. Mpangilio wa mwisho unaficha safari. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapopata nafasi kwamba kiinitete kitazamwe kikiwa hai na kikiendelea na kazi yake. Picha ya hatua moja, hata iwe safi, inaweza kukupeleka kwenye hitimisho lililo kinyume.

Si zote zinazoondoka. Katika kila somaiti, seli kati ya 2 na 6 hubaki zimeshikana na notokodi, usawa wa katikati kabisa, na ndizo huanza kurefuka kabla ya zote. Tuziite seli tangulizi. Zinakaa pale utakapojengeka utando wa mlalo unaogawanya misuli ya mgongoni na ile ya tumboni, na zinasaidia kuipa somaiti ule mkunjo wa herufi V. Samaki asiyekuwa nazo huwa na somaiti zilizopinda mfano wa U, na utando wa mlalo haupo.

Ni nani anayeziambia seli za kandokando kuwa misuli ya taratibu? Shaka ya kwanza iliangukia notokodi, kwa sababu ndiyo jirani yao. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba samaki ambao hitilafu ya jeni imewanyima notokodi hawana seli tangulizi. Watafiti wakachukua seli kutoka kiinitete kizima, wakazipandikiza katika kile chenye hitilafu. Pale zilipounda notokodi, seli za mwenyeji zilizokuwa karibu nazo zikawa tangulizi. Zilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni jirani wa kuziambia.

Ujumbe wenyewe ni protini za familia ya Hedgehog. Hutolewa na notokodi, na pia na sakafu ya mrija wa neva ulio juu yake. Kiinitete kikidungwa nakala za maagizo ya jeni ya Hedgehog ili protini itengenezwe kila mahali, karibu misuli yote ya somaiti hugeuka kuwa ya taratibu, hata zile seli za mbali ambazo zingekuwa za kasi. Ukifanya kinyume, yaani ukaharibu kipokezi kinachopeleka ujumbe huo ndani ya seli, misuli ya taratibu ya kiinitete haitokei.

Kuna sumu ya mmea inayotusaidia kuona zaidi. Mmea huo, Veratrum californicum, huota magharibi mwa Marekani, na kondoo wajawazito wakiula katika siku fulani za mimba huzaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Sumu yake, saiklopamini, inazuia ujumbe wa Hedgehog. Ukiwaweka viinitete vya samaki katika maji yenye kiasi kidogo cha saiklopamini, seli tangulizi ndizo hupotea kwanza, huku misuli mingine ya taratibu ikiendelea kuumbika. Ongeza kiasi, na misuli yote ya taratibu inatoweka. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yanatueleza kwamba seli haiulizi tu kama ujumbe upo. Inapima wingi wake. Walibadilisha pia saa ya kuweka dawa, na ikadhihirika kwamba muda ambao seli inakaa ikipokea ujumbe nao unahesabiwa. Kumbe kuwa karibu na notokodi kuna viwango, na kila kiwango kina aina yake ya uzi wa msuli.

Ndani ya seli iliyopokea ujumbe huwaka jeni iitwayo prdm1. Kazi yake kubwa ni kufunga njia ya kuwa msuli wa kasi. Bila prdm1, seli za kandokando zilizopata Hedgehog ya kutosha hushika njia ya misuli ya kasi. Nadhani wengi wetu huwazia kuumbika kama kuongeza tu sifa juu ya sifa. Hapa sehemu kubwa ya kazi ni kuzuia kile ambacho seli ingekuwa kama isingezuiwa.

Kuhusu safari yenyewe: inaanza muda mfupi baada ya somaiti kukatika, na kwa kuwa somaiti za mbele hutangulia, wimbi la kuhama linafuata mwili kutoka kichwani kuelekea mkiani. Seli hushikana kwa protini za utandoni ziitwazo kadiherini. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba aina mbili za kadiherini hubadilishana zamu kwa wimbi ndani ya somaiti, na mabadiliko hayo ya kunata ndiyo yanayozisukuma seli za taratibu kwenda nje. Mwaka uliofuata Clarissa Henry na Sharon Amacher wakaongeza jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa: seli za taratibu zinapopita, seli za kasi zilizo nyuma yao huanza kurefuka kuwa nyuzi. Zikizuiwa kupita, seli za kasi zinachelewa. Kwa hiyo msafiri naye ni ishara. Aliyeambiwa na jirani yake wa kwanza anakwenda kuwaambia wengine njiani.

Nyuzi za kasi zina tabia nyingine. Katika kiinitete hiki, uzi wa taratibu ni seli moja yenye kiini kimoja, iliyorefuka kutoka mpaka wa mbele wa somaiti hadi wa nyuma. Uzi wa kasi hutokana na seli kadhaa zinazoyeyusha tando zao na kuwa seli moja ndefu yenye viini vingi. Kuungana huko kunahitaji seli zitambuane kwanza. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba samaki pundamilia hutumia jozi ya protini, Jamb na Jamc, moja kwenye utando wa seli hii na nyingine kwenye utando wa jirani. Ukiondoa yoyote kati ya hizo mbili, unapata nyuzi nyingi nyembamba, kila moja na kiini chake kimoja. Protini nyingine, Myomaker, iliyotangazwa mwaka 2013 kutokana na kazi ya panya, ndiyo inayowezesha tando zenyewe kuungana, na samaki nao wanaitumia.

Wakati hayo yanaendelea, kila uzi unajaza ndani yake mashine ya kujikunja. Nyuzinyuzi nyembamba za aktini na nene za miosini hupangana kwa kupishana, zikiunda vipande vya takriban mikromita 2 vinavyojirudia urefu wote wa uzi. Mpangilio huo ndio unaoupa msuli milia yake chini ya hadubini. Protini kubwa mno iitwayo titini inavishikilia visiachane. Na miosini haijikunji vizuri yenyewe. Inahitaji protini wasaidizi wa kuikunja iwe na umbo sahihi. Wapo samaki waliokosa msaidizi mmojawapo: seli zao ziko mahali pake, jina lao ni msuli, lakini hawasogei.

Msuli bila neva hauna kazi. Katika kila upande wa kila somaiti, seli chache tu za neva za mwendo hutoa mikono yao kutoka kwenye ugwe wa mgongo, saa ya 17 hivi. Mikono hiyo inashuka hadi usawa wa zile seli tangulizi, ndipo kila mmoja unashika njia yake kuelekea sehemu ya msuli utakayoiamrisha. Wakati huohuo kiinitete kinaanza kujikunja chenyewe, mkia ukielekea upande mmoja halafu wa pili. Ifikapo saa ya 19 kinajikunja takriban mara moja kila sekunde, kisha kinatulia polepole. Saa ya 21 kikiguswa kinaitika. Saa ya 27 hivi, ukikitoa kwenye ganda na kukigusa, kinaogelea. Yote haya katika mwili wa milimita 2 ambao siku moja kabla ulikuwa seli moja.

Nimeacha kundi moja la seli makusudi. Mbele ya kila somaiti changa kuna seli ambazo hazikuwa msuli. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba wakati seli za taratibu zinasafiri, somaiti nzima inazunguka, na seli hizo za mbele zinaishia kuwa tabaka jembamba la nje kabisa, juu ya misuli ya taratibu. Nyingi hubeba protini iitwayo Pax7, alama ileile ya seli shina za msuli wa binadamu, yaani seli za akiba zinazoweza kuzaa seli mpya za msuli. Hiyo ndiyo akiba. Samaki akiendelea kukua, nyuzi mpya zinatokana na akiba hiyo, na samaki wakubwa kama salmoni huendelea kuongeza nyuzi muda mrefu baada ya kuanguliwa, jambo ambalo sisi wanadamu hatulifanyi kwa kiasi hicho.

Akiba hiyo inakuwa muhimu msuli unapochanika. Miongoni mwa samaki wa Tübingen wa mwaka 1996 kuna aina iitwayo sapje. Anaanza vizuri, misuli yake inapangana kama kawaida, lakini siku chache baadaye nyuzi zinaanza kung'oka kwenye tando za mipaka ya somaiti. Mwaka 2003 kundi la Peter Currie lilionyesha kwamba jeni iliyoharibika ni ya distrofini, protini inayofunga mashine ya ndani ya uzi kwenye nanga zilizo nje. Kwa binadamu, jeni hiyohiyo ikiharibika mtoto, karibu kila mara wa kiume, hupata ugonjwa wa Duchenne. Misuli yake inadhoofu mwaka hadi mwaka, hadi ile ya kupumua na moyo. Nikilitaja hili sioni tena haja ya kujibu kwa nini tunamtazama samaki.

Msuli uliopangika vizuri ukiwekwa kati ya vichujio viwili vya mwanga uliopolarishwa, yaani vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, hung'aa dhidi ya giza. Uliochanika unaonyesha mapengo meusi. Kwa njia hiyo mamia ya viinitete vya sapje vinaweza kupimwa dawa nyingi tofauti bila kukatwa. Mwaka 2011 upimaji wa namna hiyo ulibaini kwamba aminofilini, dawa inayojulikana kwa kutibu matatizo ya kupumua, iliwapunguzia samaki hao uharibifu wa misuli. Kutoka hapo hadi tiba ya mtoto ni mbali, na mzazi yeyote aliyeko hapa asitoke akidhani dawa imepatikana.

Na mwaka 2016 kundi la Currie lilichapisha walichokiona msuli wa samaki mchanga ukijitibu jeraha, wakiutazama hai, seli kwa seli. Nyuzi zilizosalimika kando ya jeraha zilitoa vidole virefu vilivyozifikia seli shina na kuzishika. Seli shina iliyofikiwa iligawanyika, lakini seli zake mbili hazikupewa kazi moja: moja ilibaki seli shina, ya pili ikaingia kwenye jeraha, ikazaliana, na kizazi chake kikaungana kuwa nyuzi mpya.

Ninapokea maswali sasa. Wanafunzi waanze.